Samaki wa Tatu Tangini

Jumatatu, 3 Machi 2025

Samaki wamefika. Wawili, weupe, vichwa vya manjano, kila mmoja urefu wa kidole cha shahada. Chengo mvuvi kawaleta kwa ndoo hadi mlangoni mwa hoteli. Kaniambia kazi yao ni moja tu: kubugia mchanga, kula kilichomo, na kuutoa safi kupitia mashavuni. Nimewatazama saa nzima. Kweli tupu. Mchanga wa tangi uliokuwa na utando wa kahawia sasa unang'aa, na mpira wa kufyonzea uchafu sijaushika.

Hii ndiyo akili. Miezi minane nimekuwa kibarua hapa Bofa, nikifyeka nyasi chini ya Kahindi mtunza bustani, mtu anayekusahihisha hata unavyoshika fyekeo. Sasa Madam Phoebe, meneja wetu, amenipa tangi la samaki la mapokezi kwa majaribio. Mwenye hoteli, Mzee Mwambire, anakuja Jumamosi. Akikuta tangi safi na samaki wote wawili wazima, naandikwa kazi ya kudumu. La sivyo, narudi kwenye nyasi.

Nimewapa majina. Mmoja Chifu. Wa pili Diwani, maana mdomo haufungi.

Jumanne, 4 Machi

Madam kanikumbusha: kila asubuhi nibadilishe maji mitungi miwili, na yatoke baharini. Bahari iko karibu sana mpaka ubebe mtungi.

Nimefikiri. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Wageni hulalamika kila siku kwamba chai imetiwa chumvi. Basi chumvi ni chumvi. Jioni nimejaza mitungi kwenye bomba la kisima nyuma ya jiko, nikaipanga kando ya tangi, tayari kwa kesho. Mimi nimezaliwa Homa Bay, mtoto wa ziwani. Samaki hawana la kunifundisha.

Kahindi aliniona pale bombani. Akauliza kama samaki wangu hawajambo. Nikamjibu ni wazima kuliko yeye. Akaitazama mitungi, akaenda zake. Mtu akitazama hivyo ana lake. Anaitaka nafasi yangu, najua.

Jumatano, 5 Machi

Nimemimina maji. Samaki wako shwari, wanacheza. Nilijua!

Tatizo ni dogo. Hawa viumbe hawajui kuacha kazi. Wamehamishia mchanga wote pembe moja na kuufukia mnara wa udongo aliouweka Mzee Mwambire kwa mkono wake. Imebaki ncha. Nimesawazisha kwa mwiko wa ugali mara tatu, na kila nikigeuka mlima umerudi.

Kahindi kapita na maua ya kaunta. Kasema kwa upole kwamba samaki wa aina hii huchimba chini ya mawe, hivyo jiwe kubwa nililoliweka juu ya mchanga afadhali likae kwenye kioo cha chini chenyewe. Nimemshukuru kwa ushauri ambao sikumwomba. Mtu wa maua na samaki, wapi na wapi?

Jioni nimejaza mitungi tena. Bombani.

Alhamisi, 6 Machi

Jiwe limeanguka. Diwani hayupo.

Nimetafuta tangini, chini ya makochi, ndani ya vyungu vya maua. Nimemnusa mdomo paka wa hoteli. Ananuka samaki, lakini paka huyu hunuka samaki siku zote, kwa hiyo si ushahidi. Chengo kasema bahari imechafuka, hawezi kupata mwingine kabla ya wiki ijayo.

Nimekaa sakafuni nyuma ya kaunta, machozi yakanitoka. Miezi minane. Mama yangu nimeshamwambia kwa simu kwamba nimeandikwa, naye ameshatangaza kanisani.

Madam akauliza samaki wako wapi, anamwona mmoja. Nikasema mwingine amepumzika.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Nimeona jikoni kifuniko cha manjano cha kopo la siagi. Nimekikata umbo la samaki. Nimemchora macho kwa kalamu, nikamtoboa, nikamfunga kwa uzi wa mshipi usioonekana, nikamning'iniza karibu na pampu ili maji yamchezeshe. Anaogelea vizuri kuliko Chifu, na hachimbi.

Kifuniko kilikuwa kidogo, kwa hiyo katoka mdogo. Si neno. Kitu kikiwa mbali huonekana kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike yote.

Mzee Mwambire amefika saa nne, moja kwa moja kutoka shambani kwake Gede. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akasogea tangini, pua kwenye kioo. Madam upande wa kulia. Kahindi na ndoo yake mlangoni. Mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo.

Hapo mchanga ukatikisika kando ya jiwe. Ukafunguka tundu. Akatoka Diwani! Mzima, mnene, mdomo umejaa, akamtemea mchanga yule wa plastiki.

Sijawahi kumpenda kiumbe kama nilivyompenda Diwani wakati ule.

Mzee akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Akasema aliambiwa samaki wawili, mbona anaona watatu, na huyu mmoja ni mdogo? Madam akanitazama. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, ukasema wamezaa.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akanishika mkono. Akasema mifugo haizai mahali isipotunzwa, na kijana huyu Odera aandikwe leo. Nimeandikwa leo! Nimetia sahihi.

Baadaye nimemfuata Kahindi bustanini nimwambie ameshindwa. Akaniambia kwamba tangu Jumatano, kila alfajiri, amekuwa akimwaga mitungi yangu kwenye michungwa ya mapambo na kuijaza baharini, kwa sababu maji ya kisima yangewaua samaki siku ya kwanza. Na michungwa yenyewe, akasema, haijapenda. Nikamuuliza kwa nini ahangaike. Akasema Madam alishamwambia nikishindwa, tangi ni lake. Naye hataki tangi hata kwa dawa. Anataka maua yake.

Nimemkumbatia. Hakupenda.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala mpaka saa tatu. Mama kapiga simu, kaimba. Naye alikuwa mkweli kanisani, ila siku chache mapema.

Nimetafakari yote yaliyotokea. Kwanza, Kahindi huamka alfajiri kwa hiari yake, kwa hiyo mitungi iko salama mikononi mwake na mimi sina haja ya kuamka. Pili, Chengo kasema kuna samaki anayelamba vioo. Nimeagiza wawili.

Tatu, Mzee Mwambire anarudi mwezi wa nne. Amesema ana hamu ya kuona mtoto amekua kiasi gani. Nimewaomba jikoni wakimaliza lile kopo kubwa la siagi, kifuniko wasitupe.