Ghorofa Kumi na Nane kwa Miguu

Alhamisi, 12 Desemba

Leo jiji limenipokea. Sisemi kwamba magari yote yalisimama kwa heshima yangu, lakini yalisimama, na mimi ndiye niliyekuwa navuka. Kinyozi anasema ni taa. Kinyozi ana wivu na mimi tangu darasa la pili.

Niandike msafara mzima, maana historia haisamehe. Mimi, fundi cherehani, kiongozi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, seremala. Tunamwita Sentimita kwa sababu hupima ubao mara saba, na siku nyingine hurudi nyumbani hajakata hata mmoja. Nesi, ambaye Sentimita anampenda na hajamwambia. Mwalimu, rafiki yake Nesi, wanalala chumba kimoja, na hupiga picha kila kitu hadi sabuni. Na Kinyozi. Huyo hakualikwa na mtu. Alisikia habari za safari akiwa na kichwa cha mpwa wangu mkono mmoja na wembe mkono wa pili, na mwenye wembe hakatazwi. Mimi pia sikualikwa, lakini kiongozi haalikwi.

Jambo lenyewe ni hili. Likizo inaisha Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo Nesi anapanda basi kwenda kuanza kazi hospitali ya mbali. Siku mbili njiani, mkataba miaka miwili. Sentimita asiposema kabla ya hapo, atasemea kwenye simu isiyoshika mtandao. Pete anayo. Yaani alikuwa nayo. Ni ya marehemu mama yetu. Dada yangu alimpa, na sonara akaipunguza. Kipimo Sentimita alikichukua kwa uzi wangu, siku aliyojifanya anamfundisha Nesi kufunga fundo. Akili kama hiyo ameirithi kwangu! Kwenye basi nikamwambia vitu vya thamani hukaa kwa mkubwa. Akanipa. Ana adabu yule kijana. Ndiyo shida yake.

Vyumba vyetu katika nyumba ya wageni viko ghorofa ya sita. Kuna lifti. Wote wakaingia. Nikawaambia mwanamume hapandishwi, hupanda. Nikawasimulia nilivyowahi kukwama kwenye lifti siku tatu na watu kumi na mmoja, nikawashonea wote mashati ili muda upite. Kinyozi akauliza kitambaa nilikitoa wapi. Nikasema kwenye pazia. Akauliza lifti gani ina mapazia. Nikamwambia za zamani zilikuwa nayo, yeye alikuwa hajazaliwa. (Tumezaliwa mwaka mmoja.)

Nesi akatoka kwenye lifti, akasema hata yeye anapenda ngazi, zinanyoosha miguu. Tukapanda pamoja. Ghorofa ya nne nilisimama kukagua ukuta. Naye akaukagua. Binti mwenye heshima.

Ijumaa, 13 Desemba

Mpango wa kwanza. Mzuri sana. Umeharibiwa na utekelezaji.

Tulienda bustani ya jiji. Nikawavuta Kinyozi na Mwalimu upande wa pili nikiwaahidi kuwaonyesha mti niliowahi kulala juu yake nikifukuzwa na kifaru. Kinyozi akasema mjini hakuna vifaru. Nikamjibu ndiyo maana nilishangaa. Tukawaacha wapenzi kwenye benchi, nusu saa nzima.

Tuliporudi Sentimita alikuwa ametoa futi yake ya mfukoni. Anapima benchi! Amegundua mkono mmoja umezidi mwenzake sentimita mbili. Nesi ameshika ncha ya pili ya futi. Walikuwa wameshapima benchi nne, wanacheka kama watoto wa shule, na la maana halijasemwa hata moja.

Jioni nikamketisha chumbani nimfundishe maneno. Nikamwambia mimi nilimwendea mke wangu, nikamtazama machoni, nikasema maneno manne tu, akazimia. Ili apate ushahidi nikampigia mke wangu, nikaweka sauti ya juu. Kosa. Mke wangu akasema hajawahi kuzimia. Akasema nilileta gauni la mama yake, nikasimama mlangoni tangu asubuhi mpaka chai ya jioni bila kusema kitu, hadi yeye mwenyewe akauliza kama ninataka kumuoa au ninasubiri mvua. Nikakata simu. Mtandao wa huku mbaya.

Sentimita akacheka mpaka machozi. Nikamwambia cheka tu, lakini mke wangu hakuwa na basi la Jumatatu. Akafuta machozi. Baadaye akaniambia polepole kwamba haogopi kukataliwa. Anaogopa Nesi atasema ndiyo kwa kumhurumia. Sikuwa na hadithi ya hapo. Nikamfunika blanketi.

Jumamosi, 14 Desemba

Mpango wa pili, na huu ni chuma. Jengo refu kuliko yote mjini. Juu kabisa, ghorofa ya kumi na nane, kuna mgahawa wa chai, mtu anaona jiji lote hadi linapoishia. Kesho saa kumi na moja jioni tutakunywa chai, mimi nitakohoa mara mbili, nitampa Sentimita pete chini ya meza, naye atasema. Ameandika karatasi tatu. Nimezisoma. Ukurasa wa pili ni vipimo vya kitanda atakachotengeneza.

Nilienda peke yangu kukagua. Lifti nne, zinang'aa, milango inafunguka na kujifunga kama mdomo wa samaki. Nikamuuliza mlinzi ngazi ziko wapi. Akauliza za kwenda wapi. Nikasema juu. Akanitazama kuanzia viatu. Akanionyesha mlango wa kijivu nyuma ya ndoo za usafi.

Hapo Kinyozi akatokea. Alikuwa amenifuata! Akasema, Fundi, wewe unaogopa lifti, kubali tu, tumekua. Nikamwambia mtu aliyekaa humo siku tano haogopi. Akasema juzi zilikuwa tatu. Nikasema sikutaka kuwatisha wanawake. Basi akaomba abebe pete yeye, kwa sababu yeye atafika juu kesho hiyohiyo.

Dharau! Nilirudi chumbani nikatoa sindano. Pete nimeishonea ndani ya bitana ya koti, upande wa moyo, uzi wa nailoni ule wa mabegi, mshono wa kurudia mara mbili, fundo tatu. Ndivyo ninavyotunza kila kitu: funguo za nyumba, cheti cha ndoa. Sasa mwizi aje. Kinyozi pia aje. Mshono wangu haufumuki. Wembe wa kufumulia nimeuweka mfuko wa suruali. Nimefikiria kila kitu.

Jumapili, 15 Desemba

Nitaandika yote, maana historia inasubiri.

Saa kumi kamili tulikuwa mlangoni mwa jengo. Joto kali, mimi ndani ya koti la sufu. Nesi akaniomba nilivue. Nikasema kiongozi havui.

Mlinzi akapitisha kile kijiti chake kinacholia. Kikalia kwenye suruali. Akatoa wembe, akauweka kwenye kopo. Nikamweleza kwamba ni kifaa cha kazi. Akasema kwake ni silaha. Na Nesi ana mkasi mzima kwenye mkoba, ule wa bandeji wenye ncha butu! Akauruhusu, kwa sababu yeye ni nesi. Wembe wangu akauchukua kwa sababu mimi ni mimi.

Kijiti kikalia tena. Kifuani. Wote wakageuka. Mlinzi akauliza kuna nini hapo. Nesi amesimama hapohapo, masikio wazi. Ningesema nini? Nikasema risasi. Nikasema ya zamani, ya vitani, madaktari walishindwa, iko sentimita moja kutoka moyoni. Mlinzi akacheka, akanipitisha. Nesi hakucheka.

Walipofika kwenye lifti Nesi akataka kupanda ngazi na mimi kama kawaida. Nikamkatalia, leo nataka kutafakari peke yangu. Mlango ukajifunga akiwa katikati ya neno.

Nikaanza. Ghorofa ya tatu nilikuwa simba. Ya sita, bado mnyama, lakini mdogo. Ya nane nikatafuta kitu cha kufumulia: ufunguo haukupenya, jino likanisaliti. Mshono wangu haufumuki! Nimeusifia miaka thelathini, leo ndipo nimeujua. Ghorofa ya kumi na moja miguu ikagoma. Nikakaa kwenye ngazi kati ya ndoo na fagio, viatu nimevivua, jasho mpaka kwenye soksi. Saa ikasema kumi na moja na nusu. Nikawaza dada yangu. Nikawaza pete ya mama, iko kifuani kwangu, na mjukuu wake yuko juu mikono mitupu, karatasi tatu, anasubiri kikohozi. Nikakohoa mara mbili. Nani atasikia?

Mambo ya juu nimesimuliwa. Chai ilikuja, ikapoa. Sentimita anatazama mlango wa ngazi tu. Kinyozi akasema tumwache, anatafakari. Nesi akauliza hivi ile risasi ni kweli? Kinyozi, kwa mara ya kwanza maishani, akasema hana uhakika. Nesi akaacha kikombe, akakimbilia ngazi.

Nilisikia viatu vyake kabla ya kumwona. Akanikuta nimeshika kifua, maana nilikuwa nakamua bitana. Akapiga magoti, akashika mshipa wa mkono, akaniuliza, Mjomba, inauma wapi? Nikasema haiumi. Akaweka kiganja hapo kifuani, akagusa kitu kigumu. Akapauka. Akasema tulia, Mjomba, usiongee. Nikataka kusema ukweli, pumzi ikakosekana. Akatoa mkasi ule wa bandeji, akakata koti langu la sufu kuanzia kola. Krr! Nailoni ilipinga. Alikata kwa mikono miwili.

Pete ikaanguka, ikagonga ngazi tatu, ikalala.

Akaiokota. Akaitazama. Akauliza hii ni risasi ya vita gani. Nami, niliyewahi kumkimbia kifaru, nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Juu yetu ngazi moja amesimama Sentimita, anahema. Alimfuata mbio bila karatasi zake. Akatazama pete, akanitazama, akamtazama yeye. Nikajua anapima. Nikamwambia kimoyomoyo: kata, mwanangu, kata!

Akasema ni yako, kama itakutosha. Nilipima.

Basi. Hayo tu. Karatasi tatu zimebaki juu, zimelala chini ya bilauri.

Nesi akasema anajua alipima, hakuna mtu duniani anayefundisha kufunga fundo kwa kuzungusha uzi kwenye kidole cha pete mara saba. Akasema jibu analo tangu siku Sentimita alipokuja zahanati na kijibanzi cha mbao ambacho hata mtoto angekitoa kwa meno, akasubiri foleni kwa saa nne, na zamu yake ilipofika akaruhusu bibi mwenye kikohozi apite kwanza. Akasema angeweza kuulizwa hata ghorofa ya chini, tungeokoa magoti ya Mjomba. Sentimita akauliza kama anasema hivyo kwa huruma. Nesi akamwambia huruma nampa mjomba wako, wewe nakupa mkono. Akaunyoosha.

Pete ilikaa sawasawa. Haikuzidi hata uzi.

Mwalimu akafika na simu yake, akatupiga picha. Niko katikati, bila viatu, koti limefunguka kama samaki wa kukaangwa. Nalia, lakini ni jasho.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimemsindikiza Nesi kituoni. Sentimita anamfuata mwezi wa tatu. Huko nako wanahitaji vitanda. Miaka miwili si kitu, amesema, nitaigawa vipande. Waliagana muda mrefu kiasi kwamba dereva akapiga honi, na Kinyozi akasema kuna vumbi jichoni. Hakukuwa na vumbi. Nimeiandika hapa kwa matumizi ya baadaye.

Wote wameshaelezwa kwamba ghorofa ya kumi na moja niliichagua mimi tangu Jumamosi. Utulivu wake, mwangaza wake. Kinyozi anasema ndoo pia? Nikasema ndoo ni za mapambo.

Na harusi nimeshaipanga. Gauni nitashona mimi. Pete zote mbili nitazitunza mimi, ndani ya bitana, safari hii mshono wa kurudia mara tatu, ili asitokee mtu na mkasi. Ukumbi nimeuona tayari, jengo lilelile, ghorofa ya kumi na saba. Mandhari safi. Kuhusu ile lifti, Kinyozi alipouliza tena nikamwambia zilikuwa siku saba, na shati lake la harusi nitalishona kwa masalia ya pazia lilelile.

Jambo moja limebaki. Kwenye basi la kurudi Mwalimu ametuonyesha picha zote, sabuni hadi kituo. Kuna za Ijumaa usiku: Nesi ndani ya lifti ya nyumba ya wageni, anashuka, anapanda, anashuka, amefungua mdomo kwa kicheko. Mwalimu anasema huyo ni mgonjwa wa lifti tangu utotoni, hakuna kitu anachokipenda kama kile kishindo cha tumbo. Na siku nne alipanda ghorofa sita kwa miguu, mara tatu kwa siku, akikagua kuta na mimi. Hakuniuliza hata mara moja.

Sawa. Nitaandika mara moja tu, kisha ukurasa huu nitauchana na kuushonea ndani ya koti, fundo tatu. Sijawahi kuingia kwenye lifti maishani mwangu. Hata ile yenye mapazia.