Paundi Thelathini na Tatu za Yarelis

Jumatano, 27 Desemba

Haya, nimerudi. Maharage yalikuwa yanamwagikia jiko. Nilikuwa nimefikia pale Zuleyka, binti yangu, alipotugongea meza mimi na Provi kama hakimu. Provi ni mama yake mkwe wangu, bibi mwenzangu wa Yarelis, Mungu ndiye aliyepanga, si mimi. Tarehe sita ni Sikukuu ya Wafalme, wale watatu waliompelekea Yesu zawadi. Zuleyka ana zamu hospitalini, mumewe atakuwa juu ya nguzo za umeme. Nani ampeleke mtoto mji wa Juana Díaz akawaone Wafalme wakiingia? Mimi nikasema mimi. Provi akasema yeye, tena mdomo umejaa keki yangu.

Kwenda pamoja? Weee! Hatujapanda gari moja tangu mwaka ule wa pasteles, ule unga wa ndizi wenye nyama ndani. Anaweka zabibu kavu! Kwenye nyama! Anafunga na jani la mgomba vizuri kabisa, ukifungua ndani, zabibu!

Basi Zuleyka akakata shauri. Mwenye kiti cha mtoto cha garini ambacho zimamoto wamekikagua wakakipitisha, huyo atampeleka. Asiye nacho abaki nyumbani akoroge wali.

Rahisi! Nimeshanunua. Cha waridi, kina mahali pa kuweka kikombe. Hakina mikanda yake. Unamkalisha mtoto juu anainuka kidogo, halafu unamfunga mkanda wa gari kama mtu mzima. Kwenye boksi kuna picha ya mtoto anacheka. Maandishi mengi mno, sikuyasoma, macho yangu haya. Ila namba nne niliiona, ya miaka. Yarelis ana mitano. Mitano ni zaidi ya minne, hata mimi wa darasa la tatu najua.

Ijumaa, 29 Desemba

Aibu! Aibu ya mwaka!

Kituo cha zimamoto. Mkaguzi ni Sajini Arocho, mwanamke mfupi, mikono ya kukanda unga. Kiti changu hakukiangalia kabisa. Alimwangalia mtoto. Akauliza ana uzito gani. Nikasema wa kutosha. Akampandisha kwenye mzani. Paundi thelathini na tatu. Kumbe kiti changu kinaanzia arobaini.

Nikamwambia mtoto ana miaka mitano, cheti cha ubatizo ninacho kwenye mkoba. Akanijibu, Doña Eduvigis, gari likifunga breki haliulizi cheti. Akamkalisha ili nijionee. Mkanda ukampita shingoni kabisa, hapa penye koo. Begani haukugusa. Akasema huyu bado anataka kiti chenye mikanda yake mwenyewe mitano: mabegani miwili, nyongani miwili, na mmoja katikati ya mapaja.

Kiti cha watoto wadogo! Na nyuma yangu kwenye foleni nani? Nereida wa duka la mkate! Saa hii mji wetu mzima wa Adjuntas unajua. Watasema hatumlishi. Mimi! Nyumba ambayo hata paka hawezi kuruka kwa shibe!

Hawanijui. Siku nane zimebaki. Paundi saba tu.

Jumamosi, 30 Desemba

Dawa ninayo. Malta, kile kinywaji cheusi cha shayiri, kiini cha yai, maziwa mazito ya kopo, unakoroga mpaka povu. Mama yangu alitunenepesha nayo wote kumi na mmoja. Vikombe vitatu kwa siku.

Cha asubuhi Yarelis alimeza kidogo, akafumba jicho moja. Cha mchana akasema kinanuka kuku. Cha jioni akakimbilia chini ya meza. Kumwaga maziwa ni dhambi. Nikavinywa mimi.

Jumanne, 2 Januari

Mzani wa bafuni. Yarelis: thelathini na tatu. Mimi: siandiki. Sketi ya Krismasi imegoma kufunga.

Lakini habari tamu! Leo ilikuwa zamu ya Provi kukaguliwa. Nilikuwa ng'ambo ya barabara kwa Nereida, najifanya nachagua mkate, nusu saa nzima nimeshika mkate huohuo, masikio mlangoni. Provi kaja na kiti cha ukoo wao. Wamekikalia binamu saba. Mikanda mitano kinayo, ndiyo, roho ikanishtuka. Sajini Arocho akakipindua chini juu, akaonyesha tarehe iliyochapwa kwenye plastiki. Muda wake umepita miaka mitatu! Nilikuwa sijui viti navyo vinaoza kama maziwa. Halafu akauliza kama kimewahi kupata ajali. Na Provi, mdomo wake hauna kitasa, akasema kidogo tu, siku ile mwanawe alipomgonga ng'ombe.

Arocho akakiweka kando, hata kukishika tena hakutaka. Nilicheka mpaka Nereida akaniletea maji.

Alhamisi, 4 Januari

Malta imeshindwa, nimetumia akili. Januari huku kwetu milimani kuna baridi, mtoto kuvaa koti si ajabu. Ndizi mbichi mfukoni kulia. Ndizi mbichi mfukoni kushoto. Kwenye kofia ya koti, kiazi kikuu kimoja cha heshima. Nywele nimezifunga juu kama mnara, buti za mvua miguuni. Nikamwambia Yarelis atembee kama malkia, asiiname. Akatembea kama tangi la maji.

Mzani wa zimamoto: arobaini na moja! Nilipiga makofi mwenyewe.

Sajini Arocho akanipa hongera. Akasema paundi nane kwa siku sita, hajaona hata kwa nguruwe. Akamwomba mtoto avue koti, maana koti nene halivaliwi ndani ya mkanda, linaacha nafasi, na siku ya siku mtoto anachomoka. Akavua. Kiazi kikadondoka, kikabingiria sakafuni mpaka chini ya gari la zimamoto. Vijana wawili wakalala kifudifudi kukitafuta. Ndizi nikasema ni zake za kula njiani. Mbichi? akauliza. Nikasema mtoto wetu ana meno.

Watu wakacheka. Yarelis hakucheka. Akanivuta sketi, akauliza kwa sauti ndogo kama Wafalme hawawaoni watoto wadogo. Ndiyo maana Bibi anataka awe mkubwa?

Nikazificha ndizi mkobani kama mwizi. Mimi!

Arocho akachuchumaa. Akamwambia yeye mwenyewe shuleni alikuwa anasimama wa mbele kabisa mstarini, mdogo kuliko wote, na sasa hilo gari jekundu analiendesha nani? Yarelis akasema wewe. Akamwambia enhe. Kisha akainuka, akanigeukia mimi. Daktari anasemaje? Nikasema mzima kabisa, ni mdogo tu. Basi Doña, akasema, usimrefushe mtoto, mtafutie kiti chake. Miezi mingi bado atakuwa humo, na hakuna aibu.

Nyumbani malta iliyobaki nikaigawa kwa majirani. Zuleyka akadhani naumwa.

Ijumaa, 5 Januari

Mji wa Ponce, duka kubwa, asubuhi na mapema. Safari hii maandishi yote amenisomea msichana wa duka, neno kwa neno: uzito, urefu, tarehe. Kimebaki kimoja. Cha mikanda mitano, kijivu, kibaya, kinamfaa. Naweka mkono. Mkono mwingine uko hapohapo. Una pete ya Provi!

Yeye kashika kichwa cha kiti, mimi miguu. Akaniambia, niachie, mkwe mwenzangu, usinitie wazimu mbele za watu. Nikamwambia wazimu alikuja nao. Msichana akauliza wajukuu wetu ni wangapi. Tukasema mmoja. Akauliza, sasa mnagombania nini?

Swali la kijinga. Tukakibeba pamoja mpaka kwenye kaunta.

Kiti kimoja, basi gari moja. Langu. La Provi mlango wa nyuma umefungwa kwa waya. Tukamchukua Yarelis, tukapitia kwa Arocho. Alipiga goti juu ya kiti, akavuta mkanda mpaka uso ukamwiva, akakitikisa. Hakikusogea hata upana wa kidole. Akamfunga Yarelis, kile kibanio cha kifuani akakipandisha usawa wa makwapa. Akajaribu kuufinya mkanda begani, ukakataa kufinyika. Ndivyo inavyotakiwa, akasema. Provi akataka kuongeza mto mgongoni. Akakatazwa. Nikafurahi sana. Nikataka kutandika taulo. Nikakatazwa.

Jioni, kama desturi, Yarelis kakata nyasi za kuwalisha ngamia wa Wafalme usiku, kajaza boksi la viatu mpaka limepasuka.

Jumamosi, 6 Januari

Tumerudi salama. Wafalme kawaona wote watatu, na yule Mfalme mweusi kampungia mkono yeye, yeye hasa, mdogo kuliko wote mstari wa mbele!

Kwenda, njia nzima tulibishana, zabibu hivi, zabibu vile. Kwenye kona ya tatu farasi akaingia barabarani. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Sahani ya pasteles ya Provi ikaruka, ikapasuka kwenye kioo. Mkoba wangu ukaniacha. Wigi la Provi likamfika puani. Nikageuka nyuma, roho mkononi. Yarelis yuko palepale, kama kapakwa gundi, hata nywele hazijasogea. Akasema, "Tena, Bibi!"

Provi akanishika mkono. Akaniambia vizuri nimesisitiza kiti hiki. Kweli nimesisitiza. Tangu mwanzo nilisema, mambo haya yanataka mtu mwenye jicho.

Watu wameanza kuniuliza ushauri. Tulipopita kwa Nereida kununua mkate, kanionyesha mjukuu wake. Miezi mitano, lakini mtoto jitu, mashavu kama mikate! Na kwenye gari wamemgeuza aangalie nyuma, masikini, anaona kitambaa cha siti tu. Nikamwambia Nereida huyo si wa kuangalia nyuma, saizi hiyo, huyo ni wa mwaka mzima, mgeuze mbele leoleo aone dunia. Katika kukagua mimi si mgeni tena. Kesho nitapita pia kwa wale wenye mapacha, wao nitawaambia...

Zuleyka ananiita. Ana simu mkononi, Nereida yuko hewani, anafoka kwamba mtoto mchanga, hata awe jitu, lazima aangalie nyuma, shingo yake bado laini, anataka kujua nimemwambia ni... Naja, mwanangu, usipige kelele, naja!