Nakala za Ghorofa ya Nane

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba Mpango wa Urudufishaji wa Jumbe za Manispaa umefanikiwa kwa kiwango ambacho hakikutarajiwa na mtu yeyote, hasa sisi tulioupanga. Naeleza haya kama Mkuu wa Kitengo cha Mwelekeo wa Data, cheo ambacho hakikuwepo kabla ya mpango, na ambacho sasa sijui Manispaa iliishije bila yake.

Manispaa yetu ina makundi mawili ya seva za ujumbe. La Juu liko ghorofa ya nane, kwenye chumba chenye zulia na viyoyozi, na linabeba jumbe za simu za viongozi: Mkurugenzi, Meya, wakuu wa idara na madereva wao. La Chini liko ghorofa ya chini, limepakana na choo, na linahudumia wananchi. Hilo ndilo linalopokea malalamiko yao na kuwarushia matangazo kwenye simu: maji yatakatika, barabara itafungwa. Makundi haya hayakuwa na habari kila moja na mwenzake. Kisha bomba la choo likapasuka, la Chini likalowa, na malalamiko ya mji mzima yakapotea. Hayo Mkurugenzi hayakumuuma. Kilichomkosesha usingizi ni wazo kwamba siku moja zinaweza kupotea jumbe zake yeye. Akatangaza kwamba kuanzia sasa kila ujumbe utakuwa na nakala kwenye kundi la pili.

Fundi wa seva, mama mmoja mcheshi ambaye ikifika saa kumi jioni humwoni tena ofisini, alikuja kwenye kikao na maswali mawili. Kwanza alitaka kujua nakala zitoke wapi ziende wapi: juu kwenda chini, chini kwenda juu, au pande zote mbili. Ikabidi iundwe Kamati ya Mwelekeo, nikapewa kuiongoza. Tulijadiliana kwa kina na kubaini kwamba data nayo ina vyeo. Haiwezekani ujumbe wa mwananchi ukurupuke tu upande ghorofa ya nane, wakati mwananchi mwenyewe tunamzuia kwenye lifti. Ila ujumbe wa kiongozi ukishuka kwa wananchi, hiyo ni ziara ya kikazi. Tukapitisha: juu kwenda chini, basi.

Swali la pili lilihusu mafungu. Jumbe za viongozi zimepangwa kwa mafungu, kuna la hotuba, la vikao, la magari, la mambo binafsi, na fundi alitaka aambiwe lipi anakili na lipi aliache. Mkurugenzi alikunja uso. Alisema katika maisha yake hajawahi kuandika neno la kuachwa.

"Weka yote," akasema.

"Yote yote, mheshimiwa?"

Mkurugenzi akanitazama. Nikamfafanulia fundi kwamba neno "yote" linajitosheleza. Akabonyeza alama ya nyota kwenye kompyuta, ambayo katika kazi yao ndiyo maana ya kila kitu, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Kuanzia siku hiyo chochote alichoandika au kuandikiwa kiongozi kilishuka ghorofa ya chini, na la Chini, kama lilivyozoea, likakirusha kwenye simu za mji mzima. Sisi wa ghorofa ya nane hatukujua, kwa sababu simu zetu hazipokei vitu vya la Chini. Tuliona tu watu wamebadilika. Mlinzi wa getini alimpigia Mkurugenzi saluti, halafu akamuuliza kwa upole kama lile jipu limeiva. Muuza magazeti akamshauri asilikalie. Mkurugenzi alishangaa, akaniambia habari ya jipu hajamwambia mtu zaidi ya daktari wake, tena kwa ujumbe. Mimi nikaripoti kwamba ukaribu wa uongozi na wananchi umeongezeka.

Jumapili nilikwenda kumjulia hali shemeji yangu. Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, anakaa na mumewe mtaa wa nyuma ya soko. Huko chemba za maji taka zilikuwa wazi tangu vifuniko vyake vya chuma vilipoondolewa kupisha ukarabati. Shemeji alitumbukia kwenye mojawapo akitoka kazini, mguu ukavunjika, na tangu hapo alikuwa wa kochi. Dada alikuwa ameleta malalamiko Manispaa mpaka akachoka. Nilimkuta anapinda suruali ya mteja. Hakuinua kichwa.

"Bosi wako anakoroma," akasema. "Mkewe kamhamishia chumba cha watoto."

Nilimuuliza kajuaje. Akanisukumia simu. Kila kitu kilikuwemo. Mke wa Mkurugenzi alimkumbusha mumewe dawa ya mende. Mkurugenzi alimsihi mkuu wa usafiri ampe Meya lile gari lenye redio mbovu. Nilikuwemo na mimi, naisifia hotuba ya Mkurugenzi ambayo, kusema kweli, nililala ikisomwa. Dada akashusha kidole mpaka kwenye ujumbe ambao Mkurugenzi alimwandikia dereva wake: *Vile vifuniko vya chemba vimetosha kutengenezea njia ya bustani kwangu. Vilivyobaki vinaziba mlango. Njoo na mkokoteni uvitoe.*

Shemeji aliutazama mguu wake juu ya mto. "Kumbe nimevunjikia bustani," akasema.

Kwa hali kama hiyo kanuni za utumishi hazina kifungu. Nikaomba maji ya kunywa. Kisha nikawaahidi kwamba suala hilo nitalifikisha kwenye kikao cha Alhamisi, kama muda utaruhusu. Dada akasema sawa mdogo wangu, akaendelea kupinda suruali.

Kumbe hawakukusudia kusubiri Alhamisi. Jumatatu asubuhi mikokoteni ilipanga foleni nje ya nyumba ya Mkurugenzi: wabeba mizigo wa sokoni, mafundi bomba, na dada yangu na futikamba yake shingoni. Mke wa Mkurugenzi alipofungua geti wakamwonyesha ujumbe wenye jina la mumewe. Akausoma, akasema afadhali, kila siku anajikwaa kwenye hayo machuma, akawaelekeza yalipo. Walibeba vilivyobaki. Na kwa kuwa ujumbe haukufafanua vilivyobaki ni vipi, waling'oa na vya njiani, wakafagia, wakaaga. Mchana ule hapakuwa na chemba iliyo wazi kwenye mtaa wa dada. Ni mradi pekee wa Manispaa uliokamilika kabla ya muda mwaka huu, na nimeuweka kwenye taarifa yangu.

Mkurugenzi aliporudi nyumbani, njia yake ya bustani ilikuwa matope. Mkewe alipomweleza habari ya ujumbe, akaamini dereva ndiye aliyeuvujisha, akamfukuza kazi papo hapo, kwa ujumbe. Watu walikwenda kumpa pole dereva kabla yeye mwenyewe hajaufungua. Halafu Mkurugenzi akamwandikia Meya: apewe askari na ukuta mrefu leo hii, la sivyo anajiuzulu.

Tuliomzoea tulijua hayo. Alikuwa akijiuzulu kama wengine wanavyopiga chafya. Meya humjibu atulie, kinatafutwa kitu cha kumtuliza, maisha yanaendelea. Lakini safari hii taarifa ilifika mbali.

Kesho yake barabara ya mbele ya jengo letu ilijaa watu waliovaa nguo zao nzuri. Hakuna aliyekuja kugomba. Walikuja kumuaga Mkurugenzi. Walileta saa ya ukutani, seti ya vikombe, na dawa ya jipu. Mkurugenzi na Meya waliposhuka kuona kulikoni, walipigiwa vigelegele. Shemeji aliletwa kwenye mkokoteni, mguu ukitangulia, mkokoteni ukisukumwa na yule dereva aliyefukuzwa. Akaombwa atoe neno. Alisema ni viongozi wachache wanaojua kuondoka wenyewe, na kwamba kwa upande wake hana kinyongo. Watu walipiga makofi mpaka Mkurugenzi naye, kwa mazoea, akapunga mkono.

Alimnong'oneza Meya kwamba ile ilikuwa namna tu ya kusema. Meya aliutazama umati. Uchaguzi ulikuwa karibu, na habari ya redio mbovu alishaipata kwa kinyozi wake.

"Nenda salama, ndugu yangu," akamwambia, kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara. "Kazi umeifanya."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Dereva amerudishwa kazini. Mimi nakaimu nafasi ya Mkurugenzi, na sikuona sababu ya kugusa mwelekeo wa data uliopitishwa na kamati halali. Nimeacha tu kumwandikia mke wangu, siku hizi tunazungumza. Mkurugenzi wa zamani alirudisha simu ya kazi na kusajiliwa ghorofa ya chini, kama mwananchi mwingine yeyote. Fundi wa seva ananiambia kwamba mzee huandika malalamiko kila siku, tena marefu, yenye vifungu. Siwezi kulithibitisha hilo. Huku juu hatujapokea kitu.