Baba Viti Ajitolea Kufundisha Muziki

Jumatatu, tarehe 3

Mke wangu leo kasema, bila kupandisha sauti, kwamba nichague: viti au yeye. Akipiga kelele najua ni maneno tu. Akisema polepole najua amekusudia.

Si kwamba hana hoja. Kazi yangu ni kukodisha viti vya plastiki kwa harusi na misiba, na stoo yangu ni sebule. Viti vimepangwa mpaka darini. Kochi halijaonekana tangu mwaka jana. Wageni tunawapokea chumbani, wanakaa kitandani, wanaona haya.

Dawa ninayo. Nyuma ya ukumbi wa mtaa kuna chumba kikubwa, kikavu, chenye mlango wa chuma. Anakitumia mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye goti bovu, kufundisha muziki bure. Wanafunzi wake ni watoto wasio na mbele wala nyuma: waokota chupa, waliofukuzwa shule, wanaolelewa na bibi zao. Chumba kizuri namna hiyo, kwa ajili ya kelele!

Nimemfuata mwenyekiti wa mtaa. Kasema hata yeye anajiuliza. Jumamosi atakaa ukumbini na wazazi, wasikilize. Ukiwa muziki, watoto wanabaki. Zikiwa kelele, chumba nachukua mimi.

Basi zitakuwa kelele. Nitahakikisha mwenyewe. Kesho najitolea kuwa msaidizi wa mwalimu.

Jumanne, tarehe 4

Nimepokewa kama mfalme. Mwalimu kanishukuru mbele ya watoto. Nikajisikia vibaya kidogo, ikapita.

Vyombo vyao: ngoma chache, filimbi za plastiki, kinanda kilichokufa nusu, ndoo. Na wana desturi ya ajabu. Mtoto akipotea katikati ya wimbo, hakuna anayemcheka wala kumkaripia. Wote wanarudia kipande kile kile, wanazunguka hapo hapo, mpaka aliyepotea apate pa kuingilia. Leo walimsubiri mmoja mpaka nikaanza kusinzia. Nikamuuliza mwalimu kwa nini asimtoe tu, wimbo uende. Akasema hawa wameshatolewa kila mahali, hapa hatolewi mtu.

Nikaomba nigawe vyombo. Hapo ndipo kichwa changu kilipochemka. Kuna mmoja wanamwita Ngumi, kwa sababu zilizo wazi. Nikampa filimbi, chombo cha watu wapole. Ile ngoma kubwa kuliko zote nikampa Kimya.

Kimya ni binti wa marehemu dada yangu. Tunakaa naye. Tangu mama yake afariki hasemi, anaitika kwa kichwa. Shuleni walimrudisha, wakasema hawajui wamfanyeje. Hapa huwa anakaa pembeni, anatazama wenzake. Mtoto asiyetoa sauti, mpe ngoma! Nani atamsikia? Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, tarehe 5

Ngumi hajapigana leo. Mdomo una filimbi, hauna nafasi ya matusi, na mikono yote ina kazi. Hilo sikulifikiria.

Kimya aliigusa ile ngoma kama anayebisha hodi kwa watu asiowajua. Kisha akaipiga. Vumbi likaanguka kutoka darini. Akaendelea, sawasawa, hayumbi, na wenzake wakamfuata kana kwamba siku zote walikuwa wanamngoja yeye. Mwalimu alivua miwani akaipangusa. Mimi nilikuwa napima kwa macho ukuta utakaoegemewa na viti.

Tukiwa tunakula jioni, Kimya kasema, "Naomba chumvi."

Mke wangu kaangusha kijiko. Hakuna aliyesogea. Nikampa chumvi mimi, maana lazima mtu ampe. Mke wangu kaenda jikoni kulia, karudi na macho mekundu, kaniambia Mungu anibariki kwa kumpa mtoto ile ngoma. Nikasema amina. Chakula kilikuwa kizuri lakini hakikushuka.

Chumba bado nakitaka.

Alhamisi, tarehe 6

Nimefunga kabati la vyombo, nikatangaza kwamba ufunguo umepotea. Ufunguo nimeuficha ndani ya soksi. Nikarudi zangu nyumbani kujinyoosha.

Sijamaliza kukaa, watoto wote hao mlangoni, mwalimu anachechemea nyuma yao. Kimya ndiye aliyewaambia, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba kwa mjomba kuna viti. Mke wangu kawakaribisha kwa mikono miwili. Kumbe kiti cha plastiki ukikigonga mgongoni kinalia hivi, mguuni kinalia vile, na chenye ufa kinalia kuliko vyote. Vile vyenye ufa ndivyo vingi. Walipiga mpaka majirani wakaja. Nikafurahi, nikajua wamekuja kulalamika. Wakaanza kucheza.

Nilishindwa kwenda kuwatuliza kwa sababu ya mguu. Ufunguo umenitoa lengelenge. Mwishowe nikasema nimeuona chini ya mkeka. Mwalimu kafurahi sana, ila viti vitapigwa Jumamosi hivyo hivyo. Kavipenda.

Ijumaa, tarehe 7

Goti la mwalimu limevimba, hawezi kusimama. Kaniomba kesho niwaongoze mimi. Moyoni niliruka juu, usoni nikaweka huzuni. Kuongoza! Nikiharakisha watakimbia, nikizubaa watalala. Nitawavuruga kwa mkono mmoja, na hakuna atakayejua.

Mke wangu alikuwa ananipigia shati pasi. Kasema, macho kwenye shati, kwamba kuna watu wanakitaka kile chumba, na kikichukuliwa anaogopa mtoto atanyamaza tena, na safari hii hakuna atakayemrudisha. Nikamwambia asijipe presha. Hajui ni nani anayekitaka. Sikuona haja ya kumwambia, pasi ilikuwa ya moto.

Baadaye Kimya alikuja akasimama karibu yangu.

"Mjomba, kesho usiogope. Ukipotea tutakusubiri."

Mimi, kuogopa! Nimetoka nje kuangalia kama kuna dalili ya mvua. Hakukuwa na wingu hata moja, nikaendelea kuangalia.

Jumamosi, tarehe 8

Ukumbi ulijaa. Bibi zao wamekaa mbele, wamevaa nguo za kutokea. Mwenyekiti kakaa katikati, mikono kifuani. Mpango wangu ulikuwa tayari kichwani.

Tatizo ni lile shati. Lilinikaa vizuri mno. Nilipoinua mikono, ukumbi mzima ukatulia, mwenyekiti akainama mbele kunitazama. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuninyamazia hivyo, hata mke wangu. Nikaona ni upumbavu kuharibu wimbo siku ninayotazamwa mimi. Nikaamua niongoze kweli, chumba nitakitafutia njia nyingine.

Nikaongoza kweli. Nikapotea kweli! Filimbi huku, viti kule, mkono wangu uko hewani na sijui niushushe au niuache. Jasho likanitiririka mgongoni. Mwenyekiti akakunja uso. Mke wangu alikuwa amejishika mdomo. Nilimwona Kimya na ile ngoma yake, nikajua nimemponza, na safari hii bila hata kukusudia. Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Watoto hawakuacha. Kimya alianza kukizungusha kile kipande, kile kile. Ngumi akaingia naye. Viti vikafuata. Wakazunguka, wakazunguka, wote wananitazama, na hakuna aliyecheka. Halafu Kimya akasema kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima:

"Mjomba, ingia sasa."

Nikashusha mkono. Wimbo ukaenda.

Watu walisimama. Bibi mmoja aliuliza ni nani aliyesema pale, akaambiwa ni yule mtoto bubu, akauliza bubu yupi. Mwenyekiti alipangusa macho akisingizia jasho. Kasema chumba ni cha watoto, na asije mtu kumwuliza tena habari hiyo. Alinitazama kidogo aliposema hivyo. Kisha akanishukuru hadharani kwa kutoa viti vyangu vitumike kwenye mazoezi bure. Sijatoa kiti hata kimoja! Lakini watu walikuwa wanapiga makofi na makofi yalikuwa yangu. Nikainama.

Jumapili, tarehe 9

Naandika nikiwa nimekaa juu ya rundo la viti, sebuleni, kichwa kinagusa dari. Viti bado viko hapa. Mke wangu hajaondoka. Kasema kochi linaweza kusubiri, kisha akacheka peke yake.

Nimelitafakari tukio la jana kwa utulivu. Hitimisho ni moja: mimi ni kiongozi wa kuzaliwa. Nilisimamisha mkono makusudi, mahali pasipotarajiwa, na kundi zima likasimama nami. Mwalimu kanipigia simu kunipongeza. Kasema mwanafunzi wake mgumu kuliko wote ndiye aliyempa furaha kubwa jana. Ni Ngumi huyo, bila shaka.

Kimya kaimba jikoni tangu asubuhi. Nimeshindwa kulala mchana. Nilipomwomba apunguze sauti, akanijibu kwamba mbona mimi nikikoroma haniambii kitu. Kanijibu! Sasa nina wawili wa kunijibu ndani ya nyumba moja. Nimejifunika uso kwa gazeti ili wasinione nacheka.

Sasa mpango. Kando ya ukumbi kuna chumba kingine, wanamofunzwa akina mama ushonaji. Kikubwa kuliko kile, na dirisha lake lina wavu. Kesho nitakwenda kujitolea. Sindano sijawahi kuishika, lakini mtu aliyeuweza muziki atashindwa na uzi?

Nimemweleza Kimya, kwa siri. Akasema atafuatana nami, atakaa nje mlangoni anisubiri. Mtoto wa ajabu. Sijui anisubirie nini, mimi sijawahi kupotea hata siku moja.