Chanzo Kikuu cha Joto

Mkurugenzi wa Idara ya Vyeti alitangaza, mbele ya wafanyakazi wote na kamera moja iliyoalikwa, kwamba enzi ya joto katika utumishi wa umma imefikia kikomo. Alizindua Mkakati Jumuishi wa Upozaji Endelevu wa Mitambo Nyeti. Makofi yakapigwa.

Mtambo wenyewe ulikuwa mmoja: kompyuta ya mezani iliyokaa stoo, ya rangi iliyowahi kuwa nyeupe, skrini yake ina chogo kama televisheni za zamani. Ndani yake kulikuwa na programu pekee iliyotoa vyeti vya kuzaliwa, na programu hiyo ilikataa kuhamia mashine yoyote mpya. Kompyuta ikipata joto ilijizima, na ikijizima hakuna aliyezaliwa mpaka ipoe. Dirishani, kina mama waliobeba watoto waliombwa warudi siku nyingine, watoto wakiwa na subira zaidi.

"Shemeji," alisema fundi wa kompyuta makofi yalipokwisha, "hiyo mashine ina vumbi tu. Feni imeziba kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nipe brashi na pesti kidogo."

Fundi huyo alikuwa mdogo wa mke wa Mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi, na fadhila hiyo haikumpunguzia mdomo hata kidogo.

"Ofisini mimi si shemeji. Ni Mkurugenzi."

"Haya, Mkurugenzi shemeji. Pesti ni ile dawa inayokaa kati ya prosesa na chuma chake cha kupozea. Ya humo imekauka, imekuwa unga."

"Brashi si mkakati," alisema Mkurugenzi kwa upole. Alijua anachokisema. Brashi haina semina, haina mshauri mwelekezi, wala hakuna anayesafirishwa ng'ambo kwenda kujifunza brashi.

Kamati ikaundwa. Ilikaa, ikapumzika kwa kukaa tena, na hatimaye ikagundua kwamba katika jengo zima kiyoyozi kinachofanya kazi ni kimoja, nacho kiko ofisini kwa Mkurugenzi. Ikapendekeza kompyuta ihamie huko. Mkurugenzi akaridhia, kwani mashine pembeni isingemsumbua, na wageni wangeuona Mkakati kwa macho yao. Akasaini na Kanuni ya Chumba Baridi: kila kinachozalisha joto humo bila kuchangia utoaji wa vyeti kihamishiwe stoo, bila kujali cheo. Hayo maneno "bila kujali cheo" aliyaongeza mwenyewe, kwa sababu kamera ilikuwa imealikwa tena.

Likatolewa birika la chai. Ikatolewa taa ya mezani. Kisha ikafika zamu ya friji yake ndogo ya soda.

"Friji inatoa baridi!" Mkurugenzi alilalamika.

"Shika hapa mgongoni," alisema fundi.

"Inaunguza!"

"Ndiyo hivyo. Baridi inaipata soda, joto tunalipata sisi."

Friji ikaenda stoo. Kompyuta ikaendelea kujizima. Ndipo alipoingia mwenyekiti wa kamati, mtu mwembamba aliyesubiri kupandishwa cheo mpaka suti ya sherehe ikampwaya. Mkononi alishika kipimajoto.

"Mkuu, tumefanya tathmini ya kisayansi. Ukitoka chumbani, joto linashuka. Ukirudi, linapanda. Ukipokea simu, linapanda zaidi."

"Mnasema nini?"

"Kamati haisemi, Mkuu. Kamati inabainisha. Chanzo kikuu cha joto kilichobaki ni wewe."

"Mimi ni mtu!"

"Hilo limezingatiwa. Kanuni inauliza tu kama unachangia utoaji wa vyeti."

Mkurugenzi akamwangalia katibu muhtasi wake. Katibu muhtasi akaangalia kucha zake. Mkurugenzi akamgeukia fundi.

"Usiniangalie mimi, shemeji. Mimi ni mtu wa brashi."

Mkurugenzi alihamia stoo, kwa muda, kama alivyosisitiza kwa kila aliyekutana naye kwenye korido. Meza ilipita mlangoni kwa tabu, yeye pia. Fundi, aliyetambuliwa na Kanuni kama mhudumu wa mtambo, akarithi kiti cha Mkurugenzi, kile cha kuzunguka.

Tangu siku hiyo kompyuta haikujizima tena. Watoto wakazaliwa mfululizo, foleni ya dirishani ikayeyuka, na Waziri akaja na kamera zake mwenyewe. Mkurugenzi alimvizia fundi kwenye korido, shati limemganda mgongoni.

"Shemeji, niambie ukweli. Ni kweli mimi ndiye niliyekuwa naichemsha?"

"Wewe? Wewe labda uchemshe kikao. Wakati nyote mlipokuwa mmekwama mlangoni na ile meza yako, nilifungua kava. Nikapiga brashi, nikapaka pesti, nikabadilisha na kapasita moja, kale kakopo ka kutunza umeme, iliyovimba. Basi."

"Kwa hiyo naweza kurudi ofisini kwangu!"

"Rudi. Nenda tu kamwambie Waziri lilikuwa vumbi."

Mkurugenzi akachungulia ofisini. Waziri alikuwa anasifu kiongozi aliyejitoa ofisini mwake kwa ajili ya taifa, na kutangaza awamu ya pili ya Mkakati: wakurugenzi wote wa wizara waige. Mwenyekiti alikuwa ameshika kipimajoto kama kombe. Mkurugenzi akafungua mdomo, akatafuta namna ya kulitaja vumbi bila kuutaja Mkakati, hakuipata, akaufunga.

"Mkurugenzi!" Waziri akaita. "Njoo tupige picha na mtambo wako!"

"Samahani, Mheshimiwa," alisema mwenyekiti. "Asimame palepale mlangoni. Joto."

Pichani ulitokea mkono wake tu.

Alirudi stoo, akajipepea kwa kitabu cha Mkakati, ambacho angalau kilikuwa kinene. Fundi alipoingia, Mkurugenzi akamsihi amletee hata feni ya mezani.

"Feni ina mota, Mkurugenzi. Itazalisha joto," alisema fundi, akainama nyuma ya kiti cha Mkurugenzi, ilipobanwa ile friji, kuchukua soda.

Akabamiza mlango wa friji. Friji ikaguna, ikaanza kazi, na mgongo wake ukazidi kupata moto kwenye mgongo wa Mkurugenzi.