Mashine Namba 41

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Meneja ametukusanya karakana nzima. Kiwanda chetu cha toroli kina programu tatu za kompyuta na hakuna inayoelewana na mwenzake. Ya ofisi ya mipango, yaani yangu, inasema gurudumu. Ya stoo inasema tairi kamili. Ya mafundi inasema namba 14, basi. Matokeo: toroli mia mbili zimelala uani bila magurudumu, na stoo imejaa magurudumu mpaka darini.

Ameletwa mtaalamu, binti mpole mwenye kitabu kinene cha viwango. Anasema viwanda vingi vimeshakubaliana: kila kitu kiwe na jina moja na aina moja. Ama ni mtu, ama mashine, ama malighafi, ama jengo. Kila aina na kanuni zake. Halafu programu zote zisome orodha hiyo hiyo.

Meneja akaongeza kwamba atakayesimamia orodha atapewa chumba chenye mlango. Moyo ukaniruka. Miaka tisa nimekaa koridoni karibu na mtungi wa maji, kila mwenye kiu ananipiga kiwiko. Nikampigia mke wangu simu, nikamwambia chumba nimeshapata. Nimetangulia kidogo tu. Naye akamwambia baba yake. Mzee anakuja Alhamisi ya wiki ijayo kukiona kwa macho yake.

Jumanne, 4 Machi

Kikwazo. Chumba kina mwenyewe. Anacho mtunza stoo, tunayemwita Mama Kufuli kwa sababu hata ufagio anaufungia. Humo ameweka mashine ya kukunja mabati iliyokufa zamani, juu yake katandika kitambaa, juu ya kitambaa redio. Nilimwomba aitoe. Akaniuliza, taratibu kabisa, kama mimi ndiye niliyeiingiza.

Sawa. Penye nia pana njia. Nimejitolea kuandika kanuni za aina zote, nikianza na mashine. Mtaalamu alisema kitabu kinazo tayari, tena zimejaribiwa. Nikamweleza kwamba kiwanda chetu ni tofauti na vingine. Akashusha pumzi, akasema kila kiwanda humwambia hivyo.

Kanuni yangu: mashine ambayo haijazalisha kitu kwa siku thelathini ni chuma chakavu, itolewe nje. Fupi, safi. Mama Kufuli atabaki na kitambaa chake.

Alhamisi, 6 Machi

Kikwazo cha pili. Orodha inagawa vyumba kwa mashine tu. Kwa watu hakuna pa kuandika chumba. Kitabu cha mtaalamu kilikuwa na ukurasa wake, lakini niliufuta juzi nilipoona kanuni zinakuwa ndefu.

Mwenye akili hakwami. Nimejiandikisha kama mashine. Mashine namba 41, mahali: chumba chenye mlango. Fomu ikauliza ninatumia nini. Nikajaza chai, vikombe viwili kwa siku. Tarehe ya kuanza kazi: miaka tisa iliyopita. Jumla ya toroli nilizozalisha: nikaandika sifuri, maana mimi ni mtu mkweli.

Mama Kufuli akapita, akauliza ninaandika nini. Nikaziba kioo cha kompyuta kwa kifua. Akatabasamu tu, akaenda zake. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu nitamtazama.

Jumatatu, 10 Machi

Orodha imewashwa asubuhi. Kufika saa sita, toroli zote mia mbili zina magurudumu. Mafundi wakampigia makofi mtaalamu. Mimi sikupigiwa hata kofi moja.

Saa nane printa ikatoa hati. Hapa kwetu wapakizi hawasikilizi mdomo wa mtu, wanafuata hati. Mwaka juzi walisikiliza mdomo wakaitupa meza mpya ya meneja. Tangu siku hiyo, kilichoandikwa ndicho kinachobebwa, na mjadala hakuna. Wakaibeba ile mashine ya kukunja mabati. Mama Kufuli akachukua redio yake. Mimi nimesimama mlangoni na kikombe, roho kwatu.

Wakasoma hati ya pili. Mashine namba 41. Umri miaka tisa, uzalishaji sifuri. Chakavu.

Nikawaeleza kwamba mimi ni mtu. Mkubwa wao akageuza hati mbele na nyuma, akanipa pole, akasema hapa haijaandikwa mtu. Akauliza kama nitapanda mwenyewe au ninyanyuliwe. Nilipanda mwenyewe. Toroli ilikuwa mpya na gurudumu lake halikulia hata kidogo. Karakana nzima ilisimamisha kazi kunitazama. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumanne, 11 Machi

Meneja alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza, akampa Mama Kufuli usimamizi wa orodha, pamoja na chumba. Eti orodha yake ya stoo ndiyo pekee iliyolingana na vitu vilivyoko kwenye rafu. Kwa hiyo siku hizi kulingana ni sifa.

Kunirudisha kuwa mtu ni wiki mbili na sahihi za ofisi tatu. Nikauliza ni mjinga gani aliyeandika kanuni hiyo. Mtaalamu akanionyesha mwandiko wangu. Kwa sasa niko kwenye ua wa chakavu, unaosimamiwa na stoo. Mama Kufuli ananisainia asubuhi na jioni. Leo kaniletea kiti na chai. Hicho kiti kimeniuma kuliko toroli.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee kaja. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mapipa, nikiomba apotee njia. Mama Kufuli akawahi getini kabla yangu. Nikajua nimekwisha.

Akampeleka chumbani. Akatuma mtu aniite, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamwambia baba mkwe kwamba bila kanuni zangu kiwanda kisingejifunza mengi. Akatoka, akatufungia mlango. Mzee aliufungua na kuufunga mara tatu. Akasema leo nimemtoa kimasomaso, sasa anajua binti yake yuko pazuri. Machozi yalinilenga. Nilitaka kumfuata yule mama nimwombe msamaha.

Ila kompyuta yake aliiacha wazi.

Na nilipoitazama nikaliona kosa langu lote. Kosa lilikuwa aina. Mashine huulizwa imezalisha nini. Jengo haliulizwi, wala halibebwi kwa toroli. Mzee alipokuwa anachungulia tundu la ufunguo, nikajiandikisha upya. Jengo namba 6, mahali: hapa hapa. Fomu ikauliza kama jengo lina nyufa. Nikaandika hapana, maana mimi ni mtu mkweli.

Kanuni za majengo bado hazijakamilika. Nimesikia Mama Kufuli anaziandika kesho.