Vipara Vinne vya Mashindano

Watu wengi wakishuka mji wa ugenini hutafuta kwanza nyumba ya kulala wageni. Zubery alitafuta magurudumu. Ndiyo maana Jumatatu ile ya mwaka sabini na tano, alipotoka stesheni ya Mpanda na begi lake la turubai, hakukiona hasa kile kigari chekundu kilichoegeshwa mbele ya duka la Ndugu Amri. Aliona matairi yake manne tu, na moyo ukamlipuka.

Kigari chenyewe kilistahili heshima zaidi. Kilikuwa cha milango miwili, pua ndefu, paa la kukunja, kimelala chini kiasi kwamba dereva angeweza kuokota kokoto akiwa amekaa. Mhandisi mmoja wa Kizungu alikiacha alipofungasha virago vyake na kuondoka mgodini. Amri alikinunua, na tangu hapo akawa anakiendesha kila Ijumaa kwenda msikitini, mwendo wa dakika mbili kwa miguu. Kwa hiyo matairi yake yalikuwa na kashata nzima nzima, yale meno ya kushikia barabara, saizi kumi na tano, kana kwamba yametoka dukani jana.

Na mwaka ule dukani hayakuwepo. Tairi jipya lilihitaji kibali, barua ya kuunga mkono kibali, na mjomba wa kuunga mkono barua.

Zubery hakuwa na mjomba wa aina hiyo. Alikuwa na Zaitun, binti wa dereva teksi wa Tabora. Alimpenda kweli, jambo lililomshangaza hata yeye, maana hakuzoea kuwa na kitu cha kweli. Baba yake Zaitun alikuwa na teksi yake ya Pijo iliyokaa juu ya mawe mwaka mzima kwa kukosa matairi ya saizi hiyo hiyo, mpaka kuku wakaanza kutagia kiti cha nyuma. Mzee alikuwa ametangaza waziwazi kwamba atakayemletea matairi manne mazima kabla ya Jumapili ndiye mkwe wake. Karani mmoja wa ushirika naye alikuwa anayasaka. Zubery alibakiwa na siku sita.

Alitua begi lake mbele ya kigari, akakiinamia, akatikisa kichwa na kusonya.

"We ndugu, vipi?" Amri aliuliza toka barazani. Alikuwa mtu wa tumbo la kutosha, na kofia yake iliyotariziwa haikuwahi kuonekana imepinda.

"Samahani, ndugu yangu. Nasikitika tu."

"Unasikitikia gari la mtu?"

"Nasikitikia mwenye gari. Mashine ya namna hii kuivalisha matairi ya baiskeli!" Alijipangusa mikono ambayo haikuwa na vumbi. "Naitwa Zubery. Mimi ni fundi wa magari ya mashindano."

"Yale ya Pasaka, ya kwenye redio?"

"Hayo hayo. Nimetumwa kuangalia njia. Mwakani magari yanapita huku, Mpanda, Sitalike, mpaka Sumbawanga." Alisogea, akateremsha sauti. "Hili usimwambie mtu. Gari lililoandikishwa kwenye mashindano linapewa kibali cha petroli. Madebe kumi kwa mwezi."

Amri alishuka barazani bila kuvaa viatu. Tangu petroli ianze kupimwa kwa kibali, alikuwa anapewa nusu debe na maneno mengi.

"Kumi?"

"Wapo wanaopewa kumi na mbili, ila hao ni wenye majina. Wewe tuanze na kumi."

"Na kuandikishwa kunataka nini?"

"Matairi mapana tu. Na madigadi, hayo mabati ya juu ya magurudumu, yatanuliwe yayafunike, maana mkaguzi akiona tairi limechungulia nje ya bodi anakata jina. Matairi ninayo."

"Bei yake?"

Zubery alimtazama kwa huzuni, kama mtu aliyetukaniwa marehemu. "Ndugu yangu, mimi si mlanguzi. Nakufungia bure. Hayo membamba nitayaondoa mwenyewe nikayatupe, usipate taabu."

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza maswali mawili matatu, na Amri alikuwa na akili ya kutosha kuendesha duka miaka kumi na minane. Lakini akili hiyo ilikuwa imeshaanza kuhesabu madebe.

Kilichobaki ni kuyapata hayo matairi mapana. Nyuma ya soko alikuwepo Mama Melkior, mjane wa Kipimbwe aliyerithi kwa marehemu mumewe kisu, nyundo na kazi ya kukata katambuga. Nusu ya miguu ya Mpanda ilitembelea viatu vyake vya matairi. Uani kwake kulikuwa na lundo la matairi lililozidi kimo cha nyumba, na kando ya lundo mwanawe Melkior, mwanamume wa miaka thelathini asiyependa maneno, alikuwa akigonga bodi za magari.

"Shikamoo, mama yangu," Zubery alisema kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. "Natafuta matairi manne mapana, hata kama ni vipara. Ni ya bembea za watoto wa shule."

"Marahaba, baba. Bembea za shule gani?"

"Ya mbali kidogo."

Mama Melkior alimwangalia kuanzia kola mpaka viatu. "Chukua yale pale, yalikuwa ya pikapu ya misheni. Lakini watoto wakishachoka kubembea uyarudishe. Hiyo ndiyo ngozi yangu, ndiyo inatulisha hapa. Huyu mwanangu mwenyewe hataki kuoa, nani atanilisha?"

Melkior aligonga bati kwa nguvu zaidi.

Yalikuwa vipara hasa. Ukipitisha kiganja, kinateleza kama kwenye bakuli la kaure. Zubery aliyasugua kwa sabuni, akayapaka mafuta meusi, kisha akachukua brashi na rangi nyeupe akaandika ubavuni mwa kila moja neno MASHINDANO. Alikuwa na mwandiko mzuri. Herufi S aliivutia mkia mrefu uliojikunja chini, kama alivyozoea kuivuta kwenye barua za kwenda Tabora zilizoanza na "Salaam sana, mpenzi Zaitun". Alijikuta akiitazama ile S kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Melkior ndiye aliyepewa kazi ya madigadi, maana mjini hakukuwa na mwingine. Siku tatu alipasua bati la mapipa, akalikunja, akalichomelea juu ya kila gurudumu, mpaka kigari kikawa kimetuna mashavu pande zote nne. Mji mzima ulikuja kutazama. Alhamisi, vipara vilipofungwa kwenye ringi, Melkior alifungua mdomo.

"Ukikata usukani yatasugua bati."

"Dereva wa mashindano hakati kona kama mtu anayepeleka mahindi mashineni," Zubery alijibu. "Anaielekeza tu, kona inakuja yenyewe."

"Na mbona hayana kashata?" Amri aliuliza, akiinama kwa shida.

"Kashata, ndugu yangu, ni za kushika tope. Wewe utapita kabla tope halijajua kama umefika."

Watazamaji walicheka kwa kuridhika. Amri naye alicheka, akajitazama kwenye digadi lililong'aa, akajiona tayari yumo redioni. Melkior alikohoa, akainamia pipa lake, na mabega yakamtikisika muda mrefu.

"Ila usiliendeshe mpaka Jumatatu," Zubery alimaliza. "Matairi ya mashindano yakifungwa yanapumzika siku tatu. Ukiyaamsha kabla, yanakasirika."

Treni ya Tabora ilikuwa Jumamosi. Sasa matairi manne mapya utayaficha wapi siku nzima, katika mji ambao tairi jipya huonekana toka mbali? Zubery alifikiri, akajipongeza. Tairi hufichwa kwenye matairi. Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini, aliyaviringisha mpaka uani kwa Mama Melkior.

"Mama, niwekee haya mpaka kesho."

Mama Melkior aliacha kisu. "Nikuwekee sawa. Lakini unaujua utaratibu wa hapa kwangu?"

"Utaratibu wako wowote nimeukubali, mama yangu," Zubery alisema, mguu mmoja ukiwa tayari nje.

"Melkior, umemsikia?"

"Nimemsikia, mama," alisema Melkior, na kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu.

Mtoto yeyote wa Mpanda angeuliza utaratibu huo kabla ya kukubali. Zubery aliulizwa, akawa na haraka.

Jumamosi asubuhi treni ilikuwa imeshapiga king'ora cha kwanza alipoingia uani anahema. Kwenye lundo hakuyaona matairi yake. Mlangoni yalisimama magunia mawili yaliyojaa, na Mama Melkior alikuwa anafagia vipande vya mpira.

"Gunia lako hilo, baba. Langu hili. Tumegawana sawa kwa sawa."

"Matairi yangu yako wapi?"

"Si ndiyo hayo. Ndio utaratibu wa hapa. Tairi likiingia uani linakatwa, nusu ya mwenye tairi, nusu ya mkataji. Tangu enzi za marehemu."

"Yalikuwa mapya!" Sauti ya Zubery ilipanda mpaka ikawa ya mtu mwingine.

"Hata mimi nilishangaa. Ngozi mpya ngumu! Melkior kavimba mkono."

Melkior aliinua mkono. Haukuwa umevimba, lakini Zubery hakuwa na macho ya kuutazama.

"Nakwenda polisi!"

"Twende wote," Mama Melkior alisema kwa upole, akifunga kanga vizuri. "Tumpitie na Ndugu Amri, akusaidie kueleza ulikoyapata."

King'ora cha pili kililia. Zubery alilitazama gunia, akaitazama njia ya polisi, akalitupa gunia begani. Machozi yalimlengalenga, na safari hii huzuni yake haikuwa ya kuigiza.

Alipita mbele ya duka akiwa ameinamisha kichwa. Kigari kilikuwa kimefunikwa turubai mpaka chini, na Amri alikuwa kando yake anakunywa chai.

"Safari njema, fundi!" Amri alimpungia mkono. "Yanapumzika!"

Angalau mmoja bado ananiamini, Zubery aliwaza, na wazo hilo ndilo lililomtia nguvu ya kukimbilia treni.

Jumapili alibisha hodi Tabora. Baba yake Zaitun alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya Pijo yake, na karani wa ushirika alikuwa ameshafika na matairi mawili, moja likiwa na kidonda. Zaitun alisimama mlangoni. Alipomwona Zubery alitaka kukimbia kumpokea, akakumbuka baba yupo.

"Manne?" aliuliza mzee.

"Manne, mzee. Mazima, mapya." Zubery alitua mzigo begani. "Ila yamekatwa." Akalimwaga gunia.

Katambuga zilitapakaa chini, za wakubwa na za watoto. Karani alicheka mpaka akajishikilia ukuta. Zubery alieleza habari nzima, na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kutunga nyingine alieleza jinsi ilivyokuwa, vipara, rangi, madigadi na vyote. Alisema pia kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya Zaitun, mbele ya watu wote.

Zaitun alikuwa ameinama anaokota viatu ili amfichie aibu. Akaokota katambuga moja ndogo, iliyokatwa ubavuni mwa tairi, akaigeuza. Chini yake kulikuwa na rangi nyeupe. Herufi moja tu ilikuwa imebaki nzima.

"Zubery," alisema polepole. "Hii S si ya kwako? Hii yenye mkia?"

Zubery aliichukua. Aliutazama mkia wake mwenyewe, jinsi ulivyojikunja vizuri. Mapya hakuyaandika kitu. Aliviandika vipara.

Sasa aliliona upya akilini lile turubai lililofunika kigari mpaka chini, na Amri na chai yake. Ijumaa ile ile, jasho lake halijakauka, Mama Melkior alikuwa ameshamfuata mwenye duka na kumwambia matairi ya pikapu ya misheni yanatafuta nini kwenye gari lake. Melkior aliyarudisha mapya kwenye ringi zake, vipara vikarudi uani kama mama alivyoagiza tangu mwanzo, na kisu kikafanya kazi yake. Amri, kwa kuogopa kuchekwa mjini, bila shaka alilipia ukimya wao kwa sukari. Na yeye, Zubery, alibeba begani vipara vyake mwenyewe mpaka Tabora, akivililia.

Hayo nayo Zubery aliyasema kwa sauti, na mzee akayasikia yote. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka kuku wakaruka kutoka dirishani mwa Pijo. Alipomaliza alijifuta macho, akavaa katambuga moja, ikamkaa.

"Nyumba hii," alisema, "haikosi watu wa kupoteza matairi. Inakosa mtu wa kuyarudisha mahali pake. Huyo mwana wa yule mama, fundi bodi, unamjua vizuri?"

"Namjua, mzee."

"Mambo ya dini tutazungumza. Ameoa?"

Zubery alimtazama Zaitun. Zaitun alikuwa ameshika kile kiatu kifuani, kidole juu ya ile S, na anamwomba kwa macho aseme uongo mmoja tu, wa mwisho. Wiki nzima ulimi ule haukuwahi kukosa la kusema.

"Bado," alisema Zubery, na ukweli ukamtoka wenyewe.